Kabla Hujanunua Antena, Chora Mtandao Wako

Kusi ya mwaka huu imetutandika. Juzi usiku upepo uligeuza sahani yetu moja ya kurushia intaneti hapa mjini Lamu, ile inayoelekea kijiji cha Shela, ikabaki inaangalia minazi. Alfajiri nikaona alama nyekundu kwenye kompyuta, nikaweka simu karibu nikingoja kufokewa. Hakuna aliyepiga. Shule ilikuwa hewani, gesti zilikuwa hewani, na Bi mkubwa mmoja wa Shela, ambaye hunipigia hata mtandao ukipiga chafya, hakuwa na habari. Nilipomweleza kuwa laini yao imekatika tangu usiku alinicheka: "Mwanangu, na hii ninayoongelea na wajukuu ni nini?"

Nimefurahi, sifichi. Wengi mnaonisoma mnataka mtandao wenu, wateja wenu, jina lenu. Basi nawaambia kilichonifikisha hapa, na si antena ya bei mbaya. Ni hesabu za kompyuta, zile ambazo vijana huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakazitupa.

Nianze na kidonda. Zamani kidogo alikuja mtaalamu kutoka Nairobi na mradi wa kuunganisha vijiji vyetu. Alifungua kompyuta yake mkutanoni akatuonyesha mchoro: mlingoti mmoja mjini, na kila kijiji kinautazama huo huo. Nikanyosha mkono, nikauliza, huo mlingoti ukizima je? Akanijibu mbele ya watu, "Fundi, wewe panda mlingoti, hesabu tuachie sisi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kazi nilikuwa naihitaji. Tukajenga alivyotaka. Siku ya kwanza umeme ulipokatika mjini, vijiji vyote vikazima kwa pamoja, na kampuni yake ilikuwa imeshapanda ndege. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu aliniachia simu za kujibu.

Baada ya hapo nikasoma. Miaka ya kusoma nairuka, haina hadithi, ni mtu na simu yake usiku.

Nilichokikuta ni kwamba swali la kwanza, la kuunganisha sehemu zote kwa gharama ndogo, lilikuwa limeshaulizwa kabla babu yangu hajaoa. Mwaka 1926 Otakar Borůvka, mwanahisabati wa Chekoslovakia, alilishughulikia tatizo la mtandao wa umeme wa Moravia: uunganisheje miji yote kwa waya mfupi kuliko yote? Mwaka 1956 Mmarekani Joseph Kruskal akatoa njia nyepesi zaidi. Kila mahali ni nukta, na kila laini kati ya nukta mbili ni kiungo. Pangilia viungo vyote kuanzia cha bei nafuu hadi cha bei ghali. Chukua cha kwanza, kisha cha pili, endelea. Kila kiungo kitakachofunga duara kiache. Nukta zote zikishaungana kuwa mtandao mmoja, simama. Ndiyo hiyo tu, na imethibitishwa kihisabati kuwa hakuna mti, yaani mtandao usio na duara, wa bei nafuu kuliko utakaoupata.

Mimi nilikuwa na nukta sita: Mokowe kule bara, mji wa Lamu, Shela, Manda, Matondoni na Kipungani. Nukta sita zina viungo 15 vinavyowezekana, lakini vitano vinatosha kuziunganisha zote. Njia za kuvichagua hivyo vitano ni 1,296. Fundi gani atazijaribu zote kichwani? Ndiyo maana mafundi wengi huchagua ile ya nyota, kila kitu katikati, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuja akilini. Kwangu ulitoka mti huu: Mokowe hadi mjini, mji hadi Shela, mji hadi Manda, Mokowe hadi Matondoni, Matondoni hadi Kipungani.

Sasa hapa ndipo wengi hujikwaa, na hapa nitakaa kidogo. Njia ya Kruskal inataka kila kiungo kiwe na uzito, na kitabu hakikupi uzito huo. Vijana huandika kilomita. Kilomita za nini? Mokowe hadi mjini ni kilomita sita hivi, maji karibu matupu, hakuna jengo wala mti wa kuzuia, na ukiangalia ramani utasema hicho ndicho kiungo rahisi kuliko vyote. Nenda ukakipime maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mawimbi ya redio hayaendi kwa uzi mwembamba, yanahitaji nafasi. Kwa kilomita sita na masafa ya gigahezi 5.8, katikati ya safari yanataka nafasi ya karibu mita tisa juu na mita tisa chini ya mstari wa macho. Halafu bahari inaakisi. Mawimbi mengine yanafika moja kwa moja, mengine yanagonga maji kwanza ndipo yafike, na urefu wa maji ukibadilika hayo mawili hukutana vibaya yakauana. Niliwahi kukaa juu ya paa na daftari, nikiandika nguvu ya mawimbi kila robo saa huku maji yakijaa. Namba zilishuka, zikashuka, zikapotea, kisha maji yakazidi kujaa na mawimbi yakarudi yenyewe. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, hayakuonyesha kitu. Mtu anayepima siku moja na kurudi Nairobi hawezi kuliona hilo, hata awe na shahada ngapi.

Dawa yake ni antena mbili kwenye mlingoti mmoja, moja juu moja chini, ili moja ikizama nyingine iwe inasikia. Dawa ni pesa. Kwa hiyo uzito wa kiungo hicho kwenye mchoro wangu si kilomita sita, ni bei ya antena za ziada, na nauli ya mashua kila ninapokwenda kukwangua chumvi kwenye viunganishi. Matondoni hadi mjini nako hakuna maji kabisa, lakini kuna minazi, na mlingoti wa kuipita minazi una bei yake. Andika uzito wa kweli. Nasema tena, wa kweli.

Mti wa bei nafuu una kasoro moja, nayo ni hatari: kata kiungo chochote, umeugawa vipande viwili. Kruskal hakukosea, alijibu alichoulizwa. Swali la pili, kiungo kikikatika je, lazima ulijibu wewe. Nilichukua mchoro nikafuta mstari mmoja mmoja, kila nikifuta najiuliza nani anazima. Kisha nikaongeza viungo viwili ambavyo hesabu ilivikataa. Kimoja ni Shela hadi Manda, ng'ambo tu ya mkondo. Kingine ni Matondoni hadi mjini, na minazi yake. Kwa viungo viwili hivyo nikapata maduara mawili, na mkia mmoja tu, yaani kijiji kinachoning'inia kwa kiungo kimoja: Kipungani. Kuuziba huo mkia kungekula pesa kuliko vijiji vingine vyote, nikauacha, na watu wa Kipungani niliwaambia waziwazi. Yule mtaalamu wa Nairobi alikuwa na mikia mitano, na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo sahani ya Shela ilipogeuka juzi, Shela ikapitia Manda. Rauta, vifaa vya kuchagua njia ya data, ndizo zilizoamua, kwa njia aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa amekaa mkahawani Amsterdam bila karatasi, kwa dakika 20 kwa maneno yake mwenyewe. Kila rauta inajua mchoro mzima, inatafuta njia yenye jumla ndogo ya uzito, na mstari ukikatika inahesabu upya. Mimi nilikuwa nimelala.

Onyo kwa wenye maduara: rauta huyamudu, swichi za kawaida, yaani visanduku vya kugawia nyaya za mtandao ndani ya nyumba, haziyamudu. Gesti moja mjini ilizima nyumba nzima kwa sababu kijana wa mapokezi aliona waya unaning'inia, akachomeka ncha yake kwenye swichi ile ile ilikotoka. Ujumbe wa kwenda kwa wote ukaanza kuzunguka, kila mzunguko ukijizalisha, taa zote zikawaka bila kupepesa. Radia Perlman wa Marekani alilitatua hili mwaka 1985 kwa kuzifanya swichi zikubaliane zenyewe zijenge mti na kufunga kiungo cha ziada mpaka kihitajike. Mti ule ule! Swichi nyingi za bei ya chini hazina uwezo huo. Usizinunue.

La mwisho ni foleni. Jioni wateja hulalamika laini ni ndogo, na fundi mvivu huwauzia kubwa zaidi. Mdenmark Agner Krarup Erlang alikuwa akihesabu foleni za simu Copenhagen tangu 1909, na hesabu zilizozaliwa na kazi hiyo ni za kutisha. Watu wakifika bila mpangilio, kama abiria kwenye gati la Mokowe, na muda wa kumhudumia kila mmoja nao hauna mpangilio, mtambo uliotumika nusu huwa na mmoja tu kwa wastani, anayehudumiwa pamoja na wanaosubiri. Ukitumika asilimia 80 wanakuwa wanne. Asilimia 90, tisa. Asilimia 95, kumi na tisa. Yaani zile asilimia 15, kutoka 80 hadi 95, ndizo zinazokuua. Mimi sikuongeza laini. Niliwekea kila mgeni kikomo saa za jioni, filamu zisijaze foleni, na simu za sauti zikapewa nafasi ya mbele. Malalamiko yakaisha. Bili ikabaki pale pale.

Vijana wa Malindi na Lamu mnaniandikia kila wiki, "Kaka, ninunue antena gani?" Hakuna anayeniuliza achoreje. Mnataka kufika bila kupita. Mnasema algoriti, hesabu hizi za hatua kwa hatua, ni za watu wa Ulaya waliokaa kwenye viti, ilhali hapa kwetu, penye maji, chumvi na umeme wa kukatika, ndipo zinapohitajika zaidi. Mtu atakuja na kompyuta yake nzuri atakuambia umwachie hesabu. Usimwachie. Mwombe mchoro, futa mstari mmoja mbele yake, mwulize nani anazima.

Kwa hiyo kuanzia leo, anayeniandikia atume mchoro: nukta zake, mistari yake, na uzito juu ya kila mstari. Picha za antena dukani sitazijibu.