Msimwambie mwanangu "tulia"

Mwanangu ana miaka 9 sasa ivi, ana mtindio wa ubongo wa aina inayofanya mwili ujongee wenyewe bila yeye kutaka, na kama ningeweza kufuta neno moja midomoni mwa watu ningefuta "tulia". Kwenye daladala, msibani, harusini, utasikia tu "we mtoto hebu tulia", wengine wanamshika mikono kabisa, tena kwa nia njema, na hapo ndo wanaharibu maana akijua anaangaliwa mwili unajinyonganyonga mara mbili zaidi. Vidole vinakunjuka na kujikunja taratibu kama mwani kwenye maji, shingo inaenda upande, mdomo unaachama. Akipitiwa na usingizi vyote vinakata, analala kalegea kama mtoto yeyote. Usiku wa kwanza nlivyoligundua hilo nlikaa pembeni ya kitanda nikalia.

Inaitwa athetosisi, jina alilipa daktari Mmarekani, William Hammond, mwaka 1871. Ina ndugu zake, ile ya kurukaruka haraka haraka wanaiita korea (haihusiani na nchi jamani, hata mi niliuliza) na distonia, yani mwili unapinda unakaza unabaki ivo ivo. Kwenye kadi ya kliniki wameandika "mtindio wa ubongo" basi, ila we mzazi uliza ni wa aina gani, maana mazoezi na dawa havifanani. Dawa tumejaribu, imepunguza kidogo, jina lake silitaji hapa kwasababu ya wangu sio ya wako.

Mtindio wake ulitokana na manjano ya uchanga. Mi kundi langu la damu ni O, yeye A, hayakupatana, akaanza kuwa wa njano siku ileile aliyozaliwa, nikaambiwa nimuanike jua la asubuhi. Nikamuanika. Siku ya nne hanyonyi, analala tu, akilia sauti kali nyembamba na mgongo anaupinda kwa nyuma, tunafika hospitali manjano ishaingia kwenye ubongo, zile sehemu za ndani zinazoongoza mwili kujongea. Kwahiyo mama mwenye kichanga, manjano ndani ya masaa 24 ya kwanza sio ya jua, ni ya kupimwa damu na kuwekwa kwenye taa ya bluu, usikubali kurudishwa nyumbani. Na usitegemee dalili za mtindio kuonekana mapema, wangu mwanzo alikua mlegevu tu, huku kujinyonganyonga kulikuja baadae kapita mwaka.

Kula ndo vita yetu kubwa. Nlikua namlaza mapajani kichwa kimeangalia juu namnywesha uji, anapaliwa kila siku, kifua hakiishi, mpaka dada wa mazoezi aliponigombeza. Mkalishe wima, nyonga zimekunja, miguu ikanyage kitu kigumu isining'inie, kidevu kishuke kidogo. Fundi wa mtaani alinichongea kiti cha mbao chenye mkanda na tukaweka kijiti mbele cha kushika kwa mkono mmoja, mkono mmoja ukishika kitu mwili mzima unapungua fujo. Uji uwe mzito, na uongeze karanga za kusaga au mafuta maana mwili unaojongea kutwa unachoma chakula kweli kweli.

Kingine, mpimeni masikio. Manjano hayohayo yanaharibu usikivu, sisi tulichelewa tukadhani haelewi kumbe hasikii vizuri. Akili anayo tena nyingi, ananizidi mimi kukumbuka nani anatudai.

Maneno hatoi, tunatumia macho. Mwanzo tulifundishwa "angalia juu" iwe ndiyo, akashindwa miezi na miezi, wakaandika kwenye faili hana ushirikiano. Baadae ndo nikaambiwa watoto wengi ambao manjano iliwaingia kwenye ubongo macho yanagoma kupanda juu. Tukabadilisha, kulia ndiyo, kushoto hapana, wiki mbili tu kashika. Jana nimemuuliza kama anataka uji wa ulezi, kaangalia kushoto, nikamuuliza tena, kushoto, nikaenda kumkaangia chipsi.