Kufuga mimea inayokula wadudu ndani ya nyumba hapa Nakuru: anza na maji

Nilifanya kazi kwa grinhausi ya maua miaka sita, upande wa waridi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchanganya ile mbolea ya maji inayopita kwa dripu, kila asubuhi napima EC, yaani nguvu ya chumvi za mbolea kwa maji, mpaka ifike 1.8 hivi ndio nafungua. Mkono ulishazoea kulisha mizizi. Sasa mtu kama huyo ndio alipata miche mitatu ya Drosera, zile za majani yenye gundi, nikazipeleka kwa nyumba mtaa wa Free Area nikaziweka kwa tangi la vioo, nikawapea maji ya mfereji na tone la mbolea, kidogo tu, robo ya ile ya waridi. Siku ya tisa ile gundi inayong'aa kama umande ilikuwa imepotea yote, majani yamejikunja, na wiki ya tatu miche yote mitatu ni nyeusi. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimeitunza kwa roho safi, hata usiku naamka kuangalia.

Wewe unayeanza, shika hii kwanza kabla hujanunua hata kijiko: hii mimea imezaliwa mahali maskini. Kwao ni vinamasi na mchanga wenye tindikali, mvua imeosha chumvi zote, nitrojeni karibu hakuna, ndio maana majani yakageuka mitego, yatafute angani kile mizizi inakosa chini. Mizizi yenyewe haijui kukataa chumvi. Ukiimwagia madini inaungua, na wewe utadhani ni kiu uongeze maji, unaongeza sumu.

Na maji yetu hapa bonde la ufa mnayajua. Visima vingi vya huku vina floraidi na chumvi zingine nyingi, si unaona meno ya watu waliokulia kwa hayo maji, na ukichemsha birika wiki chache inabaki na gamba jeupe ndani. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, maji yanaenda na mvuke lakini chumvi inabaki palepale, kwa hivyo ukichemsha unayafanya mazito zaidi. Maji ya chupa ya dukani pia mengi yameongezwa madini makusudi ili yawe na ladha. Nunua mita ya TDS, yaani ya kupima madini yaliyoyeyuka kwa maji, ni kamita kadogo kama kalamu, unazamisha unasoma namba, ni miligramu kwa lita. Chini ya 50 uko sawa kabisa, mpaka 100 mmea utavumilia kama unaosha udongo mara kwa mara, juu ya hapo acha.

Mtu ataniambia ati rafiki yake anatumia maji ya mfereji na mmea uko hai. Sawa, lakini muulize yuko na mmea kwa muda gani na sufuria yake ina shimo chini au haina. Tangi la vioo halina shimo! Hapo ndio watu wengi hawaoni. Chukua maji ya TDS 400, unaweka lita moja kila wiki kwa tangi lililo wazi juu, maji yanakauka lakini zile miligramu 400 zimebaki ndani, wiki ijayo zingine 400, mwaka ukiisha ni kama gramu 21, hiyo ni vijiko vinne vya chai vya chumvi ndani ya kitangi cha kuwekwa kwa meza. Maji ya mvua yakisoma 10 kwa mwaka huohuo ni nusu gramu tu. Hesabu hiyo ndio ilinibadilisha, si mtu kuniambia.

Kwa hivyo vuna mvua. Machi mpaka Mei hapa inanyesha ya kutosha, weka ndoo chini ya gata lakini acha dakika kumi kumi na tano za kwanza zipite na vumbi na mavi ya ndege, halafu kinga kwa mtungi safi wenye kifuniko, weka mahali hapana jua isije ikaota ukijani. Mtungi mmoja wa lita 20 unanipeleka muda mrefu. Kiangazi kikizidi kuna maji yaliyotoneshwa ya kuongeza kwa betri ya gari, hayo ni sawa, ila soma chupa vizuri sana, iandikwe maji na si asidi, kwa sababu zinakaa rafu moja na asidi itaua mmea na kukuunguza mkono.

Udongo ni hadithi ileile. Usichimbe shamba, usiweke samadi, usiende kubeba mchanga kando ya Ziwa Nakuru kwa sababu ni karibu, lile ziwa ni la magadi, pH yake, kile kipimo cha tindikali, iko karibu 10, na hii mimea inataka tindikali, 4 au 5 hivi. Tafuta piti mosi tupu, ule udongo wa mosi wa vinamasi unaouzwa kwa gunia. Nasema tupu kwa sababu ile ya kuoteshea miche agroveti mara nyingi imewekwa mbolea na chokaa tayari, soma gunia, na kama gunia halisemi chochote loweka kidogo kwa maji ya mvua usiku mzima upime yale maji kesho yake na mita. Changanya na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi, au pumisi, lile jiwe jepesi la volkano, hiyo sisi watu wa bonde la ufa tumebarikiwa nayo, mashamba ya maua yanaijua, ioshe tu mpaka maji yatoke meupe. Kokopiti, ile ya makumbi ya nazi, inaweza, lakini nyingi inakuja na chumvi kutoka huko pwani ilikotengenezwa, mimi niliosha mara nane ndio namba ikashuka, tena kwa maji ya mvua, sasa fikiria mwenyewe kama inafaa.

Usipande moja kwa moja kwa sakafu ya tangi. Acha kila mmea ukae kwa kasufuria kake kenye mashimo, halafu panga sufuria ndani ya tangi, ndivyo unaeza kutoa mmoja ukaosha udongo wake au ukautenga ukiugua. Drosera inapenda kukaa kwenye maji ya sentimita moja au mbili chini ya sufuria muda wote. Nepenthes, wale wa vibuyu vinavyoning'inia, hapana, hao wanataka unyevu lakini mizizi ipumue, ukiwakalisha kwa maji wanaoza.

Kuhusu tangi lenyewe, fundi wa vioo atakukatia na kukugundishia kwa silikoni, liache wiki moja mpaka harufu kali iishe. Juu usifunge kabisa, acha nafasi ya vidole viwili, la sivyo ukungu mweupe unaanza kwa udongo na unahamia kwa majani. Na jamani, tangi la vioo lisikae kwa dirisha linalopigwa na jua la saa sita. Dirishani ni sawa kwa sufuria ya wazi, lakini ndani ya vioo joto halina pa kutokea, nimeona za jirani yangu zimeiva kama mchicha kwa mchana mmoja tu. Tumia taa ya LED nyeupe, ile yenye mwanga wa mchana wa 6500K, sentimita 20 mpaka 30 juu ya majani, saa 12 mpaka 14 kwa siku. Utajua mwanga unatosha Drosera ikianza kuwa nyekundu kwa zile nywele zake, ikibaki kijani na kurefuka kama inatafuta mtu, songeza taa.

Sasa uanze na gani. Najua unataka ule wa mdomo wenye meno, Dionaea, kila mtu anautaka, mimi pia. Lakini kwao ni Carolina, Marekani, mahali pana baridi ya kweli na siku zinafupika, na mmea unalala miezi mitatu minne. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 Januari mpaka Disemba, mmea haujui lini ulale, unajichosha mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa mdogo, halafu unaisha. Kuna wanaoutoa udongoni wakaufunga kwa mosi nyevu na kuuweka kwa friji miezi mitatu, inafanya kazi, ila hiyo si kazi ya mwanafunzi. Anza na Drosera capensis ya Afrika Kusini. Hailali, inasamehe makosa, inajizalisha kwa mbegu zake yenyewe, na hizo mbegu ni kama vumbi, zinyunyize juu tu usizifukie kwa sababu zinataka mwanga ndio ziote.

Ukishaizoea ongeza Nepenthes, na hapo mahali unapoishi panaamua. Nakuru tuko mita 1,850 hivi, usiku unapoa, hiyo ndiyo raha ya Nepenthes za milimani kama ventricosa ya Ufilipino. Wewe wa Kisumu uko mita 1,100 na joto la ziwa, usinunue za milimani hata ukiona picha nzuri namna gani, tafuta za nyanda za chini kama ampullaria, hiyo itakupenda huko kuliko kwangu.

Na ununue kwa njia halali. Mbegu au mche kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla haujatumwa, na Nepenthes na Dionaea ziko pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini. Mtu akikuuzia mbegu za flaitrapu, yaani Dionaea, ya rangi ya samawati, huyo ni mwizi, hakuna mmea kama huo duniani.

Chakula nimekiacha mwisho makusudi, kwa sababu ndicho wanaoanza wanakikimbilia. Usilishe nyama, inaoza na jani linaoza nayo. Mmea usiolishwa haufi, unaishi kwa mwanga, lakini unaolishwa unazaa vizuri zaidi, Francis, mwana wa yule mwanasayansi Charles Darwin, alilionyesha hilo mwaka 1878 kwa Drosera, zilizolishwa zikatoa mbegu nyingi kuliko zilizonyimwa. Nzi wadogo wa ndizi zilizoiva sana wanatosha, mmoja au wawili kwa jani kila wiki mbili. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, ng'oa mabawa, kata kipande kidogo, mzima ni mkubwa mno. Kisumu mna wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwa taa usiku, hao ni saizi kabisa. Na wenye Dionaea, msiruhusu watoto waguseguse mdomo ufunge bure, kila jani lina mara chache tu za kufunga halafu linakufa.

Mche mpya ukifika kutoka safari utakuwa umekauka gundi yote na utaogopa. Usiulishe, usiuhamishe sufuria, usiongeze kitu. Maji ya mvua chini, taa juu, wiki mbili, hata tatu. Mimi huwa naangalia asubuhi mapema kabla ya kuenda kazi, jani jipya la katikati ndilo linaanza, linakunjuka polepole, na siku moja unaona matone yako kwa ncha za nywele zake. Hapo ndio uupe nzi wa kwanza.