Kigeu Kinachopotea Seva Inapowashwa Upya

SWALI: Mhariri, ninasimamia seva ya Ubuntu katika chuo chetu, na juu yake kuna programu ya Java inayohitaji kigeu cha JAVA_HOME, yaani jina linaloiambia programu Java iko wapi. Nimekiandika katika /etc/profile, na nikiingia na kuandika echo $JAVA_HOME ninapata jibu sahihi. Hata hivyo, seva ikiwashwa upya, huduma hugoma kuanza kwa madai kuwa kigeu hakipo. Ni faili gani linalosomwa na mfumo mzima?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, faili moja linalosomwa na kila programu halipo, na wasimamizi wengi hupoteza siku nzima wakilitafuta. Tangu toleo la 7 la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, vigeu vya mazingira hurithiwa: kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hupewa nakala ya vigeu vya mzazi wake unapozaliwa, na mzazi akibadilisha vyake baadaye, mtoto hapati habari. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni nani aliyeizaa programu yako.

Wewe unapoingia, sheli yako, yaani programu inayopokea amri unazoandika, ndiyo inayosoma /etc/profile pamoja na mafaili yanayoishia na .sh ndani ya /etc/profile.d. Huduma yako haikupita mlango huo. Imezaliwa na systemd, mchakato namba 1 unaoanzisha huduma za seva, ambao hausomi /etc/profile na, kinyume na wanavyodhani wengi, hausomi /etc/environment pia. Hilo la pili husomwa na PAM, sehemu ya mfumo inayothibitisha watumiaji, mtu anapoingia, na si hati ya sheli: aliyeandika humo PATH=$PATH:/opt/bin (PATH ni orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) atashangaa kuona amri za kawaida kama ls hazipatikani, kwa sababu alama ya $ huchukuliwa kama herufi tu.

Andika amri ya sudo systemctl edit ikifuatiwa na jina la huduma yako, kisha katika faili litakalofunguka weka mistari hii miwili:

[Service]
Environment="JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/default-java"

Hifadhi, kisha anzisha huduma upya kwa systemctl restart. Ikiwa kweli unataka huduma zote zipate kigeu hicho, tumia DefaultEnvironment katika /etc/systemd/system.conf, ingawa mimi nisingekushauri, kwa kuwa huduma inayohitaji kitu inafaa ikitangaze yenyewe, ili atakayekurithi kazini akione alipokitarajia.

Nakusihi pia usiandike nywila katika mstari wa Environment. Mtumiaji yeyote wa seva hiyo, hata asiye na mamlaka, anaweza kuusoma kwa systemctl show, na katika seva ya chuo watumiaji ni wengi.

Mwisho, usipime tena kwa echo, kwani echo hukuonyesha mazingira ya sheli yako mwenyewe. Tafuta namba ya mchakato wa huduma, tuseme ni 1234, kisha andika:

sudo cat /proc/1234/environ | tr '\0' '\n'

Hapo utaona vigeu ambavyo programu ilipewa ilipoanza, na JAVA_HOME inapaswa kuwa miongoni mwake.