Gilgamesh na Achilles: anzia kwenye msiba

Ukipewa kazi ya kulinganisha Gilgamesh, mfalme shujaa wa utendi wa kale wa Mesopotamia, na Achilles, shujaa wa Iliadi, utendi wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troya, usianze na jedwali la sifa. Nguvu, hasira, mama mungu: jedwali litajaa mara moja na halitakwambia lolote, maana mashujaa wengi wa tendi za kale wanaenea humo. Chukua tukio moja lililomo katika tendi zote mbili, ulichimbe. Tukio lenyewe hapa ni kufiwa na rafiki.

Enkidu, rafiki wa Gilgamesh, anakufa katika kibao cha 7 (utendi huo uliandikwa kwenye vibao vya udongo), na maombolezo yamo katika cha 8. Patroclus, rafiki wa Achilles, anauawa katika kitabu cha 16 cha Iliadi. Habari zinamfikia Achilles katika cha 18. Zisome sehemu hizo kwanza. Utamkuta Gilgamesh akiizunguka maiti kama simba jike aliyenyang'anywa watoto, na Achilles akilia kama simba aliyeibiwa watoto na mwindaji. Usikimbilie kuandika kwamba Wagiriki waliiga, kwani kufanana hakuthibitishi kuazima. Tazama kila mmoja anafanya nini baada ya kilio.

Achilles ana mtu wa kumlipiza, naye ni Hector, shujaa wa Troya aliyemuua Patroclus. Mama yake, Thetis, anamwambia wazi kwamba Hector akifa, zamu yake inafuata. Anakwenda hivyo hivyo. Gilgamesh hana Hector. Enkidu ameuawa na ugonjwa, kwa hukumu ya miungu, na miungu huwaendei na mkuki. Anakaa na maiti siku 6 na usiku 7, mpaka funza anadondoka puani mwa Enkidu. Hapo huzuni inageuka hofu: nami nitakuwa hivi? Ndipo anaingia nyikani kumtafuta Utnapishtim, aliyepewa uzima wa milele. Kwa hiyo mmoja anakifuata kifo na mwingine anakikimbia, na sababu kubwa ni kuwapo au kutokuwapo kwa adui wa kupigana naye. Hoja hiyo moja inatosha insha nzima. Inukuu kwa mistari 5 hadi 10 kutoka kila utenzi, usizidishe.

Makosa yanayojirudia ni ya matoleo. Shauri maarufu la Siduri, mwanamke muuza pombe ambaye Gilgamesh anamkuta safarini, kwamba mtu ale, acheze na amshike mtoto wake mkono, limo katika toleo la Kibabeli cha Kale, si katika lile la baadaye la vibao 12 linalohusishwa na mwandishi Sin-leqi-unninni. Taja unatumia lipi. Kibao cha 12 nacho kinasumbua: Enkidu aliyekwisha kufa anaonekana hai mwanzoni mwake, kwa sababu ni kisa kilichopachikwa. Usikitumie kueleza mwisho wa safari, ila kiweke kando ya kitabu cha 23 cha Iliadi. Gilgamesh na kivuli cha Enkidu wanakumbatiana. Achilles anaponyoosha mikono, Patroclus anapotea kama moshi.

Halafu kuna kisigino, mahali pekee ambapo Achilles, kwa hadithi inayojulikana sana, angeweza kuuawa. Sisi tuliolelewa na Liyongo na sindano ya kitovuni tunakitarajia, lakini Iliadi haina kisigino wala kifo cha Achilles. Inaishia kwenye mazishi ya Hector.

Swali likiwa ni la uzima wa milele hasa, mwache Achilles, mchukue Odysseus, shujaa wa Odisei, utendi mwingine wa Homer. Katika kitabu cha 5, Calypso, mungu wa kike anayeishi naye kisiwani, anataka kumpa kile kile Gilgamesh alichokihangaikia, lakini Odysseus anachagua kurudi kwa mkewe anayezeeka.