Kwa nini plau inashuka ukizima trekta ya Ford 5000

Kaka hiyo ya kuinua plau halafu ukizima injini inashuka yenyewe taratibu, angalia kwanza ile valvu ya kuzuia oili ya haidroliki (ile inayoinua plau) isirudi. Kazi yake ni kama valvu ya tyubu ya baiskeli, inaruhusu kuingia tu kutoka hairuhusu. Pampu ikisukuma oili inashinda nguvu ya springi, valvu inafunguka, oili inaingia kwenye silinda na mikono ya nyuma inayobeba plau inanyanyuka, ukifika juu pampu inaanza kuzungusha oili bure kurudi kwenye tangi na presha ya ile iliyobaki kwenye silinda ndo inaibana valvu kwenye siti yake (pale inapokalia ikifunga), kwa hiyo uzito wote wa plau umeshikwa na hapo. Kushusha kuna njia nyingine kabisa, ndo lever inaifungua.

Sasa chembe ya chuma au uchafu ikikaa kwenye siti, au siti imelika, oili inapita kidogokidogo. Dalili nzuri ni hii: injini ikiwa inanguruma mikono inachezacheza, inashuka kidogo inajirudisha juu, ukizima inashuka moja kwa moja. Ila sili ya pistoni ya hiyo silinda (mpira unaozuia oili isipite) ikiisha inafanya hivyohivyo, kwa hiyo usinunue pampu mpya! Pampu haihusiki na kushikilia mzigo.

Badilisha oili ya haidroliki na filta yake kwanza, kisha fungua valvu uisafishe na uikague siti. Na tafadhali plau iwe chini kabla hujalegeza nati yoyote, usiingie chini yake ikiwa imening'inia.