Unataka kuzurura reli ya zamani na magofu Moshi? Soma hii kwanza

Jamani, sio kila reli yenye kutu na majani imekufa. Hii ya kutoka Tanga, Wajerumani waliifikisha Moshi 1911, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha 1929, baadae ikalala miaka na miaka mpaka watu wakaizoea kama njia ya mguu, halafu treni ya abiria ikarudi, Moshi Desemba 2019 na Arusha 2020, kwahiyo ukitembea humo toa earphone masikioni, na darajani usikatize kabisa maana ikikukuta katikati huna pa kukimbilia zaidi ya kujirusha mtoni.

Mi napenda upande wa Kahe. Pale ndo reli ya kutoka Voi, Kenya, kupitia Taveta inakutana na ya Tanga, Waingereza waliijenga kipindi cha vita ya kwanza wakimfukuza Mjerumani na Machi 1916 wakapigana hapohapo Kahe, sasa ukisimama pale unaona vichaka tu aisee.

Usiokote chochote, hata bolti moja! Vyuma vya reli vinaibiwa sana vinauzwa skrepa, ukionekana na begi zito utaitiwa mwizi kabla hujajieleza. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kwanza, shikamoo mzee, sema umekuja kuangalia tu, na kamera isitoke mpaka umeruhusiwa. Ukibahatika kumpata mstaafu wa reli kaa nae umsikilize, wale wazee wanajua kila kona.

Magofu ya viwanda kando ya mito ndo yananiogopesha zaidi. Mengi ya zamani paa lake ni asbesto, usipande juu, linaonekana gumu kumbe linakatika kama biskuti, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Mitambo iling'olewa yakabaki mashimo, majani yameyafunika, tembea na fimbo ugusegusie mbele (na nyoka pia). Ukisikia nyuki geuza bila kelele, ushujaa peleka kwingine.

Masika, Machi mpaka Mei, mi siendi mtoni. Mjini jua linawaka, kumbe huko juu mlimani, Kibosho na Uru, mvua imepiga tangu usiku, na maji yakishuka hayapigi hodi.

Nenda na mwenzio, viatu vya kufunika mguu, na boda wa kurudi patana nae asubuhi kabisa maana jioni huko ukimkosa unalala.