Kutangaza nje ya Google: kwa wanaoanza kazi hii Nairobi

Mteja akikuuliza kama inafaa kutangaza kwenye injini nyingine za utafutaji, kama Bing ya Microsoft au DuckDuckGo, kwanza muulize wanunuzi wake wako wapi na wanatumia kifaa gani. Duka la nguo la Eastleigh linalouzia watu wa simu za Android libaki Google. Kampuni ya utalii ya Westlands ni habari nyingine: wageni wake hupanga safari ya Maasai Mara wakiwa Marekani au Ujerumani, wengi mbele ya kompyuta, na kompyuta za Windows huja na kivinjari cha Edge kinachotafuta kwa Bing.

Majina ni mengi, faharasa, yaani hazina za kurasa ambamo injini hutafutia majibu, ni chache. Yahoo na DuckDuckGo hutegemea sana matokeo ya Bing, na matangazo yao hununuliwa kupitia Microsoft Advertising, mfumo wa matangazo wa Microsoft. Brave na Mojeek wana faharasa zao. Basi anzia Bing Webmaster Tools, zana ya Bing ya wenye tovuti. Huvuta tovuti ulizokwisha kuzithibitisha kwenye Google Search Console, zana kama hiyo ya Google.

Halafu fungua robots.txt, faili ya tovuti inayowapa maelekezo roboti wa injini za utafutaji, maana hapa ndipo kazi nyingi hukwama bila mtu kujua. Mstari wa Crawl-delay: 10 Google haiujali, lakini Bingbot, roboti wa Bing anayepitia kurasa, huutii: ukurasa mmoja kila sekunde 10, yaani 8,640 kwa siku zikizidi sana. Duka la mtandaoni lenye kurasa 40,000 litachukua karibu siku 5 kupitiwa mara moja, na bei zimeshabadilika. Ufute. Mwulize pia fundi wa seva kama ukuta wa usalama unaruhusu Googlebot, roboti wa Google, peke yake. Kisha weka IndexNow, njia ya kuziarifu injini iliyoanza 2021, ili Bing ipashwe habari kila ukurasa unapobadilika.

Kampeni za Google unaweza kuzihamishia Microsoft Advertising zilivyo, ila usiziwashe hapohapo. Bajeti huja nzima, ipunguze. Kwenye eneo, chagua watu walio ndani ya nchi husika tu, la sivyo utalipia na wanaoitafuta tu kwa jina. Zima uhamishaji unaojirudia wenyewe kwa ratiba, usije ukafuta marekebisho yako. Hakikisha tovuti haikati msclkid, alama ya Microsoft ya kutambua mbofyo, mwishoni mwa kiungo, maana bila hiyo maombi ya wageni huenda yasihesabiwe sawasawa.

Na usihukumu mapema. Ikiwa ukurasa huleta ombi moja kwa mibofyo 50, mibofyo 30 bila ombi haijakuambia kitu. Iache kampeni ifike walau mibofyo 200 ndipo ukae na mteja.